Harusi ni Lusaka, ruhusa iko Makambako

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza viazi na maharage. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Lusaka, huu ni mwaka wa nne, na wiki sita kutoka leo, siku ya Jumamosi, anafunga ndoa huko huko na binti wa Kizambia. Baba yetu alishatangulia mbele za haki. Ukoo umekaa ukaamua niende mimi na mama, maana wakwe wamesema hawamtoi binti yao bila kumwona mzazi wa upande wa mume kwa macho. Dereva atakuwa mume wangu.

Sasa kuna mtoto. Kabla hajaondoka, mdogo wangu alizaa na mwenzake wa Makambako. Ndoa hawakufunga, waliachana vibaya, na mtoto amelelewa na mama yangu tangu ana miaka mitatu. Sasa ana saba, yuko darasa la kwanza. Baba yake anataka mtoto awepo harusini, avae suti inayofanana na ya kwake. Anasema pia kwamba baada ya sherehe mtoto akipenda mazingira ya kule abaki naye moja kwa moja. Mama wa mtoto hatujaongea naye karibu miaka miwili. Alikuwa anapiga simu, zikatokea lugha za ukali baina yake na mama yangu, basi akanyamaza na sisi tukanyamaza.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto tunacho, kile kilichotolewa bure kituo cha afya kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kina majina ya wazazi wote wawili. Mume wangu anasema kwa kuwa mtoto na mimi tunatumia jina moja la ukoo, pale mpakani nikisema ni mwanangu hakuna atakayeuliza. Baba mdogo yeye anakwenda mbali zaidi. Anasema tusijitese na pasipoti za mama na mtoto, tufike Tunduma tushuke, tupite mitaani kwa miguu mpaka Nakonde, gari lituchukue upande wa pili. Yeye amevuka hivyo miaka yote kwenda kununua bidhaa, wala hajawahi kuulizwa.

Gari ni Noah ya shemeji yangu. Aliichukulia mkopo SACCOS na kadi ya gari bado iko huko. Kwa upande wa pasipoti, ninayo ya kielektroniki niliyoipata 2022. Mume wangu ana ya zamani ya mwaka 2017, imeandikwa itaisha 2027, haijagongwa muhuri hata mmoja. Mama na mtoto hawana. Mama ana kitambulisho cha NIDA lakini cheti cha kuzaliwa hana, alizaliwa shambani Rungwe enzi hizo.

Tunataka kupeleka mchele wa Kyela magunia mawili, viazi na mikungu ya ndizi, tusionekane tumekwenda mikono mitupu. Mama ana dawa za presha na dawa ya maji ya kifua. Na nimeambiwa tunahitaji kadi ya njano. Mmoja ananiambia ni ya chanjo, mwingine ananiambia ni ya gari. Nishike lipi?

Shangazi, kichwa kinaniuma. Nianzie wapi?

Mama wa Uyole

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kumwozesha kijana.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia Makambako.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Karatasi zote ulizozitaja zinaweza kupatikana kwa fedha, foleni na uvumilivu, isipokuwa moja, nayo ni barua ya ridhaa ya mama wa mtoto. Hiyo haiuzwi dirishani. Yuko mtu mmoja tu anayeweza kuisaini, na kwa miaka miwili mmepishana naye kimya. Kama una nguvu ya siku moja tu wiki hii, ipeleke huko. Ukiwa Uyole basi la Iringa, la Njombe au la Dar linakupitia mlangoni, unashuka Makambako mchana, jioni umesharudi kwako.

Kwanza nizungumze na hilo la kumwita mtoto wako. Najua mume wako hakusema kwa ubaya. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako kweli, na ndiyo maana anakuita shangazi. Lakini afisa wa Uhamiaji hasomi undugu, anasoma cheti. Cheti hicho cha bure, kilichoanza kutolewa hapa hapa mkoani Mbeya mwaka 2013, kinataja jina la mama aliyemzaa, na jina hilo si lako. Ukikificha, huna cha kuombea pasipoti yake. Ukikionyesha, umejikana mwenyewe. Halafu mtoto wa miaka saba anaongea. Afisa atainama, atamuuliza kwa upole, "Huyu ni nani yako?" Naye atajibu kama alivyozoea kukuita. Au mtakuwa mmemfundisha kudanganya, naye atajibu huku anakutazama usoni kuona kama amepatia. Nakuomba, usimfanyie hivyo mtoto huyu, ambaye tayari amezungukwa na watu wazima wasiosemezana.

Na afisa hatakuwa na makosa kukushuku. Njia ya Tunduma inapitisha watu wa kila aina, wakiwemo wanaosafirisha watoto wasio wao. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008 na Sheria ya Mtoto tangu 2009. Mtu mzima mwenye mtoto asiye wake, asiye na barua ya mzazi na anayesema uongo kuhusu uhusiano wao, ndiye hasa afisa amefundishwa kumsimamisha. Utajieleza saa ngapi mpaka aamini kwamba mnakwenda harusini?

Sasa baba mdogo. Nampa heshima yake, na simsemi kwamba ni mwongo. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Watu wananunua mafuta ya kupikia huku na sabuni kule, jioni wanalala makwao. Lakini yeye anakwenda hatua mia tano na kurudi. Ninyi mnakwenda takribani kilomita elfu moja ndani ya nchi ya watu: Isoka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe, ndipo Lusaka. Njiani kuna vizuizi, na anayesimamisha gari haulizi ulipita njia gani, anataka kuuona muhuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuvuka Mto Songwe kwa mtumbwi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, shangazi yangu amefariki upande wa Karonga, Malawi, na kwetu sisi Wanyakyusa na ndugu zetu Wangonde mto ule hatukuuhesabu kuwa kitu. Kwenda kulikuwa rahisi kama kwenda kisimani. Baada ya matanga nikashikwa na malaria kali, nikalala siku nne, na nilipopata nafuu sikuwa na nguvu ya kurudia mtumbwi. Wakanipandisha gari la kupita darajani. Pale nikaulizwa muhuri wa kuingia. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua linazama, natetemeka, kanga ya msiba begani, nikieleza habari za shangazi kwa mtu aliyekuwa akiandika faini. Hakunionea. Kwa karatasi, mimi nilikuwa sijawahi kuingia nchini kwake, na mtu ambaye hajaingia haiwezekani atoke. Muhuri ndio unaokulinda ukiugua, ukiibiwa, ukipata ajali. Mama yako ana presha. Usimvushe gizani.

Turudi Makambako, ndiko kwenye kazi.

Kabla hujapanda basi, mdogo wako apige simu mwenyewe. Asikutume wewe kumwambia mzazi mwenzake kwamba anaoa. Hilo ni lake, alibebe. Mama huyo akisikia kwa wengine kwamba mnataka saini yake ili mtoto akasimame kwenye harusi ya mwanamke mwingine, ungekuwa wewe ungesaini? Simu ya kwanza ni ya baba. Safari ndiyo yako.

Nenda na mtu mzima anayeheshimika, asiyekuwepo kwenye zile lugha za ukali. Mama yako asiende safari hii ya kwanza, ila atume neno lake la kuomba radhi kama lipo la kuombewa radhi, na nadhani lipo. Mpeleke mtoto akamwone mama yake. Wala usitoe karatasi ya kusaini mkishakaa tu. Kaeni, kuleni, mtoto acheze, yasemwe yaliyokaa moyoni, ndipo uifungue shughuli.

Na ukiifungua, ifungue yote. Hapa ndipo nina neno zito kwako. Umeandika kwa haraka haraka kwamba mtoto "akipenda" atabaki Lusaka moja kwa moja. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya umeharibu yote. Ruhusa ya kwenda harusini na kurudi ni jambo moja. Kumhamisha mtoto nchi ni jambo lingine, lenye shule, kibali cha kuishi, na haki ya mama wa kumwona mwanawe. Hilo linakwenda polepole, kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii na ikibidi mahakama, wala halifanywi kwenye viti vya ukumbi wa harusi. Kwa safari hii mtoto anakwenda na anarudi, tarehe zijulikane. Mdogo wako asipokubali hilo, basi mtoto asiondoke Uyole, na unaweza kumwambia Shangazi ndiye amesema.

Mama akikubali, barua iwe na jina lake kamili na namba ya NIDA, jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, jina lako na namba ya pasipoti yako, mahali mtakapofikia Lusaka na simu ya hapo, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Aisaini mbele ya wakili au kamishna wa viapo, iambatanishwe na nakala ya kitambulisho chake. Wakili mnaweza kumpata pale pale Makambako, kwa hiyo beba fedha ya kazi hiyo isimwangukie yeye. Baba naye aandike ya kwake; akiwa Lusaka anaweza kwenda ubalozi wetu pale mjini akashuhudiwa, kisha picha yake itangulie kwa simu na barua yenyewe ije kwa basi. Tengeneza nakala halisi mbili za kila barua, kwa sababu moja itabaki Uhamiaji kwenye maombi ya pasipoti ya mtoto na nyingine utaisafiria.

Akiwa na masharti, yasikilize. Huenda anataka ada, huenda anataka likizo ya Desemba na mwanawe. Hayo yanazungumzika. Akikataa kabisa, mtoto haendi, na mdogo wako atamwona kwenye simu siku ya harusi akiwa amevaa suti yake sebuleni kwa bibi. Itauma. Lakini ataendelea kuwa mtoto asiyeogopa kupelekwa mahali bila mama yake kujua. Msipomkuta kwa anwani mnayoijua, msijisainie. Nendeni serikali ya mtaa na ustawi wa jamii, waandike walichokifanya kumtafuta.

Kwenye pasipoti sasa. Kuanzia Januari 2018 tunatumia ya kielektroniki, na zile za zamani zilisimamishwa mwanzoni mwa 2020. Hiyo ya mume wako, hata kama imeandikwa 2027, ni kumbukumbu tu. Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unalipa shilingi 20,000 ya fomu, na jumla ya kila pasipoti ni 150,000. Mume, mama na mtoto ni shilingi 450,000 kabla hamjanunua hata tiketi. Ya kwako ya 2022 inatosha, ni ya miaka kumi; lakini ifungue uangalie kama ina kurasa tupu.

Kwa kuwa mama hana cheti cha kuzaliwa, aende kwa wakili akaapiwe kiapo cha kuzaliwa, na barua ya serikali ya mtaa imsindikize. Jina kwenye kiapo lifanane herufi kwa herufi na la NIDA. Nimeona safari zikifa kwa sababu ya "Tumpale" na "Tumpaale". Kingine ni vidole. Wazee wetu waliolima maisha yote alama za vidole zimelika, mashine inavikataa. Siku mbili tatu kabla ya kwenda kupigwa picha apumzike jembe na majivu, apake mafuta usiku, ila asubuhi yake anawe mikono vizuri. Mwende mapema, wakati ofisi haijafurika na afisa bado ana subira ya kurudia.

Wiki sita zinatosha mkianza leo, lakini hazina nafasi ya kupoteza. Ikionekana pasipoti ya mama haitawahi, muulize afisa wa Uhamiaji mkoa kuhusu hati ya dharura ya safari. Hutolewa kwa safari za nchi jirani na haina mlolongo mrefu kama pasipoti. Viza ya Zambia Mtanzania anayekwenda kutembea haihitaji. Angalia tu siku alizoandika afisa kwenye muhuri, mrudi kabla hazijaisha.

Gari liacheni. Najua Noah inaonekana ni starehe, mama anajinyoosha, mizigo inakaa. Lakini gari nalo lina mwenyewe kama mtoto alivyo na mama, na hapa wenyewe ni wawili: shemeji yako na SACCOS. Mtahitaji barua ya shemeji iliyoshuhudiwa na wakili, barua ya SACCOS kwamba wanajua gari linatoka nchini, na kadi yenyewe, ambayo mkopeshaji hapendi kuiachia. Mtaandikisha gari forodha lisije likahesabiwa limeuzwa huko, mtachukua kibali cha kuliingiza Zambia kwa muda, mtalipa tozo za barabara na ya hewa ya ukaa, na pembetatu za tahadhari kule wanataka mbili. Namba ya chesisi kwenye kadi isipofanana na iliyogongwa kwenye chuma, safari imeishia hapo. Yote hayo, halafu barabara ndefu kwa dereva mmoja asiyeijua.

Na kadi ya njano uliyoulizia? Wote wawili wamekuambia kweli. Kadi ziko mbili. Ya gari ni ya bima, Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa sababu bima ndogo ya hapa nyumbani haivuki mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini tumebaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kampuni iliyokukatia bima ndiyo unayoiuliza. Ya mtu ni ya chanjo ya homa ya manjano. Maafisa wa afya mpakani wanaweza kuiomba, na mtu akikwambia uchanjwe pale pale asubuhi ya safari ujue haikusaidii: inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 sindano moja inatosha maisha yote. Kwa mama muulizeni daktari kwanza, maana chanjo hii kwa wazee inahitaji uangalizi kabla ya kuitoa.

Mkiliacha gari, mume wako hahitajiki kuwa dereva, na 150,000 imebaki mfukoni. Akitaka kwenda kama shemeji wa bwana harusi, ni jambo jema, lakini aombe pasipoti leo pamoja na wengine.

Mabasi ya Dar kwenda Lusaka yanapita Mbeya, ila ya kupandia njiani huna hakika ya viti vya pamoja. Mimi ningechukua costa mpaka Tunduma, nikavuka kwa miguu kupitia ofisini, na kukata tiketi Nakonde. Ondokeni Jumatano, msiondoke Ijumaa. Mama alale usiku mmoja njiani kama itabidi, afike amepumzika, wakwe wamwone akiwa mzima.

Usiogope utakapoona hujagongwa muhuri upande wa Tunduma. Tangu Oktoba 2019 mpaka ule ni kituo cha pamoja: ukienda, mnatoka Tanzania na kuingia Zambia ndani ya jengo moja upande wa Nakonde; mkirudi, yote mawili yanamalizikia Tunduma. Ndipo vishoka wanapokamatia watu, wanakwambia "Mama umeruka dirisha, lete pasipoti nikurudishie." Pasipoti isitoke mkononi mwako kwenda kwa mtu asiyekaa nyuma ya dirisha. Ukichanganyikiwa muulize mwenye sare.

Fedha badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni. Pale Tunduma kuna anayekupa kwacha kweli, lakini ya Malawi. Jina ni moja, fedha mbili tofauti. Soma noti, iwe imeandikwa Bank of Zambia. Saa nazo zinarudi nyuma: kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu, na wao wanaiita tisa. Tiketi ikisema 14, ndiyo saa nane mchana ya kwao, msije mkafika jioni.

Mchele, viazi na ndizi, hapana. Naandika hivi nikijua thamani ya mchele wa Kyela mezani. Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, na kibali cha nchi inayopokea, na sheria zake zinageuka kwa usiku mmoja. Wakulima wetu wanakumbuka 2025, Malawi ilipozuia mchele, ndizi na tangawizi zetu, Tanzania ikajibu Aprili kwa kuzuia mazao yao, na baada ya siku chache ikaondoa zuio. Walioshika mikungu darajani siku zile ndio waliooza nayo. Viazi na ndizi ndivyo vinavyoangaliwa zaidi kwa sababu hubeba magonjwa ya mimea. Bebeni vitenge vizuri, chai ya Rungwe iliyofungwa kiwandani, na shuka la mama mkwe. Mchele mnunulie Lusaka.

Dawa za mama ziwe kwenye maboksi yake, na cheti cha daktari chenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Ile ya maji ya kifua isomeni lebo kabla hamjafunga mizigo. Zambia ni wakali kwa dawa zenye kodeini, na hata zenye difenhidramini, ambayo imo katika dawa nyingi za mafua na kikohozi zinazouzwa kawaida. Wapo wasafiri waliowekwa ndani kwa chupa moja. Kama imo, iacheni Uyole, daktari ampe nyingine.

Mwalimu mkuu naye aandikiwe barua ya ruhusa ya mtoto, yenye tarehe zile zile za barua ya mama yake.

Na kabla hamjaachana pale Makambako, mwachie mama wa mtoto nakala ya kila kitu alichokisaini, namba ya baba mtoto ya Lusaka na namba yako. Muulize anataka kumpigia mtoto saa ngapi, iwe saa hiyo kila siku mkiwa kule. Siku ya kurudi, mkishatoka ndani ya jengo la Tunduma na kabla hamjapanda gari la Mbeya, mpigie, umpe mtoto simu.

Shangazi